Mwongozo wa Kuota Moto Uvira Bila Dohani, na Bado Ukaamka Asubuhi

Hatua ya kwanza ya kununua meko ya gesi yasiyo na dohani, kwa mtu anayekaa Uvira, ni kufungua mlango na kutoka nje usiku. Simama barazani dakika tano, mikono mifukoni ukipenda. Mbele yako ni Ziwa Tanganyika, mgongoni mwako milima inayopanda kwenda Itombwe, na hapo uliposimama ni mita kama 770 tu juu ya usawa wa bahari. Kama hukutetemeka, mwongozo umekwishakutimizia kazi yake: huhitaji meko, rudi ndani ulale, na zile hela zipeleke kwenye bati linalovuja. Kama umetetemeka, habari ya meko iweke kando kwanza. Nenda kapimwe malaria.

Najua utaendelea kusoma, kwa sababu video imekwishafika. Shemeji yuko Marekani, ameketi mbele ya ukuta wenye kioo, na nyuma ya kioo vigogo vinawaka bila kuisha. Hakuna moshi, hakuna majivu, watoto wamejilaza kwenye zulia. Umeitazama video hiyo mara mbili, kisha ukaitazama sebule yako ya Kimanga au Kasenga, na viti vyake vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, ukaona kama kuna kitu kimepungua pale ukutani. Basi tukae tuongee juu ya ukuta huo kabla hujamwita fundi.

Vile vigogo si miti. Ni vipande vya kauri vilivyochongwa na kupakwa rangi, na gesi ndiyo inayowaka chini yake. Meko ya namna hiyo yako ya aina mbili. Yapo yenye bomba linalopeleka hewa chafu nje ya nyumba, na yapo yasiyo na bomba lolote, ambapo kila kinachozaliwa na moto kinabaki chumbani pamoja nawe. Wauzaji wa aina hii ya pili wanaisifu kwamba joto lote linabaki ndani, halipotei hata kidogo. Wanasema kweli. Joto linabaki, na ndugu zake wote wanabaki nalo.

Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Gesi ya mitungini ni propani na butani. Kilo moja ya propani ikiungua vizuri inatoa kilo 1.6 za maji kwa njia ya mvuke, na kilo 3 za kaboni dioksidi. Mtungi wa kilo 12 ukiisha, utakuwa umemwaga ndani ya nyumba yako lita 19 hivi za maji, yaani bidoni moja ya njano iliyojaa karibu hadi kifuniko. Watu wanapanga foleni bombani tangu alfajiri kwa ajili ya bidoni hiyo hiyo, wewe unaipulizia kwenye kuta! Na itajionyesha tu: ukungu mweusi kwenye kona za dari, godoro lenye harufu, shati la Jumapili lenye madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Hayo ni yale yanayotoka. Yanayoingia ndiyo makubwa zaidi. Kilo hiyo moja ya gesi inahitaji oksijeni iliyomo katika mita za ujazo kama 13 za hewa. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Moto usio na dohani ni mpangaji anayekula sahani moja na wenye nyumba, na yeye ndiye anayetangulia kunawa mikono.

Waliounda meko hayo wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu ndani yake wameweka kifaa kinachokata gesi pindi oksijeni chumbani inaposhuka karibu na asilimia 18. Hewa ya kawaida ina asilimia 21. Ni kifaa kizuri, na yeyote anayekuuzia meko yasiyo nacho, au aliyekiondoa ili "yasizimike ovyo", mrudishie mzigo wake siku hiyo hiyo. Lakini hata pamoja na kifaa hicho, Kanada hairuhusu meko hayo majumbani, na jimbo la California limeyakataa. Kule yanakoruhusiwa, yanahesabiwa kuwa ya kuongezea joto kwa saa chache, mtu akiwa macho, tena dirisha likiwa wazi kidogo. Soma tena sharti hilo la dirisha. Utanunua mtambo kwa dola za watu, utaulisha gesi kwa dola nyingine, halafu utafungua dirisha ili hewa ya ziwani iingie. Hewa hiyo uliipata bure pale barazani, kwenye hatua ya kwanza.

Msomaji wa Minembwe au Bijombo ataniambia: wee, wa ziwani, unasema kwa sababu hujalala huku juu. Ana haki. Katika Nyanda za Juu, mita 2,000 na zaidi, baridi ni ya kweli na kabuti si pambo. Ila mengi ya meko haya yamewekewa ukomo na watengenezaji, karibu mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyembamba ya milimani inakitatiza kile kifaa cha oksijeni na mwako wenyewe. Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, imekwishavuka ukomo huo, sembuse Minembwe. Kwa hiyo penye baridi hayafai, na yanapofaa hakuna baridi. Kivu Kusini yote tumeizunguka na hatujapata ukuta wa kuyaweka.

Sasa tukiache kioo cha shemeji, tuje kwenye moto wetu. Maana meko yasiyo na dohani tunayo tayari karibu kila nyumba, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na hayana kifaa chochote cha kukata kitu. Ni mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa.

Tazama jioni moja ya Novemba. Mawingu yameshuka mlimani, na mama ana maharage ambayo hayajaanza hata kulainika. Mbabula imewashwa kwenye kizingiti kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Moshi mweusi unapanda, kila mtu anakohoa, mtoto anapepea kwa kifuniko cha sufuria. Baada ya robo saa moshi umekwisha, makala yameshika, yamekuwa mekundu na kutulia. Ngurumo ya kwanza inapiga. Mama anashika vile vishikio vya waya kwa kitambaa, anainua mbabula na kuiingiza chumbani.

"Mama, tuiache tu barazani," anasema binti.

"Mvua itaizima. Na sufuria nayo utaikuta asubuhi?"

"Basi tufungue dirisha."

"Na mbu, mwanangu?"

Mama hakukosea hata jibu moja. Mvua ipo, wezi wapo, mbu wapo, na kuna usiku mjini hapa ambapo watu wanafunga kila kitu kwa sababu ya milio ya risasi. Mwongozo unaosema "fungueni madirisha" na kuishia hapo ni wa mtu ambaye hajawahi kulala Uvira. Mama anahitaji njia nyingine, na nitaileta. Lakini kwanza tuinamie ile mbabula, taa ikiwa imezimwa, tuone kinachotendeka.

Juu ya makala yaliyoanza kushika utaona vindimi vidogo vya buluu vinarukaruka. Hiyo ni gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makala na kuungua papo hapo inapokutana na hewa. Kadiri vindimi vinavyocheza, sehemu yake kubwa inamalizika pale pale. Majivu yakianza kufunika makala, au sufuria kubwa ikiketi juu na kuubana mwako, vindimi vinapotea. Gesi haijaacha kutoka. Imeacha kuungua, na sasa inaingia chumbani ikiwa nzima. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ndani ya mwili inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu inazunguka bila kubeba kile ilichotumwa kubeba. Saa ile tunayosema "moshi umekwisha, sasa ingiza ndani" ndiyo saa ya kuiogopa mbabula kuliko zote. Moshi mweusi wa mwanzo ulikuwa unatufukuza, na ulikuwa unatusaidia.

Hapo pana mtu atakayenitajia bibi yake. Bibi alilala na moto katikati ya nyumba miaka yote kule mlimani, akafa mzee sana, kwa hiyo maneno haya ni ya wazungu. Namheshimu bibi, na ninaomba tuitazame nyumba yake. Paa lilikuwa la nyasi, na moshi ulipenya humo mpaka asubuhi paa lote likawa linafuka. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na mwanga uliingia kwenye nyufa. Moto ulikuwa wa kuni, unaomkohoza aliyelala akaamka kuusogeza. Wewe una mabati, una dari ya mbao, una kuta zilizopigwa plasta, una kioo dirishani, na chini ya mlango umepanga matambara ili vumbi lisiingie. Nyumba ya bibi ilikuwa inapumua kwa niaba ya bibi. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wanalala na mbabula.

Hatari nyingine ni kwamba sumu hii inavaa sura ya ugonjwa tunaoujua. Kichwa kinauma, miguu inalegea, kizunguzungu, kichefuchefu. Mtu wa Uvira akisikia maneno hayo anasema malaria, na mara nyingi anapatia. Ila malaria haiangushi watu watano wa nyumba moja katika saa moja ya usiku, wala haipungui mtu akikaa barazani nusu saa. Mkiona wawili wanalalamika kichwa pamoja na mbabula imo ndani, msitafute dawa kabatini. Fungueni mlango, toeni watoto kwanza, tokeni wote, na asiyeamka abebwe. Mkifika hospitalini mwambieni daktari kwa maneno yaliyo wazi kwamba mlikuwa na makala ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu tiba ni oksijeni, na asiyeambiwa ataanza na kipimo cha malaria.

Kuhusu maziwa yanayosemwa kuwa dawa ya sumu: hayaondoi kaboni monoksidi kwenye damu, hata yakiwa ya ng'ombe wa Nyanda za Juu. Kunyweni maziwa kwa sababu ni matamu. Lile beseni la maji linalowekwa kando ya mbabula "livute sumu" nalo halivuti kitu. Faida yake moja ni kuwepo karibu kitambaa kikishika moto. Na usimnyweshe kitu chochote mtu aliyepoteza fahamu.

Sasa njia za mama, maana nilimwahidi.

Maharage yaloweke tangu asubuhi. Yachemshe nje kabla mvua haijafika, yatokote vizuri kwa nguvu kama nusu saa, maana maharage yasiyochemka sawasawa yana sumu yake tumboni. Kisha ondoa sufuria ikiwa bado inatokota, ifunike vizuri, iweke ndani ya kapu kubwa lililosheheni nguo kuukuu na blanketi, juu na chini na pembeni, usiifunue. Yataendelea kuiva yenyewe usiku kucha bila hata punje ya makala. Asubuhi unayarudisha motoni yachemke tena, unatia mafuta ya mawese na kitunguu, umemaliza. Mwizi atapita barazani akute majivu.

Kwa mvua, jenga kipaa nyuma ya nyumba: nguzo nne, mabati mawili, ukuta mmoja upande unakotoka upepo. Ni gharama, lakini ipime na gunia la makala na bei yake, kisha uniambie. Na kama hela ya nguzo haijapatikana, basi jiko lipate angalau chumba chake lenyewe ambamo hakuna anayelala, chenye matundu mawili: moja juu karibu na dari pa kutokea hewa moto, jingine chini karibu na sakafu pa kuingilia hewa mpya. Fundi akutie matofali yenye matundu, uyafunike kwa wavu wa mbu, na kama unahofia mkono wa mtu, weka nondo. Hapo mbu umemjibu, mwizi umemjibu, na mvua haiingii kwenye tundu lililo chini ya ukingo wa bati. Pika humo ukiwa macho. Kulala na mbabula, hapana. Hakuna tundu lenye ukubwa wa kuliruhusu hilo, na hapa sina mjadala na mtu.

Mzazi na mtoto mchanga wanahitaji joto, najua, na bibi wa mtoto ndiye mwenye amri chumbani mle. Basi bibi, kwa heshima yako: pasha chumba moto kwanza kikiwa kitupu, toa mbabula nje, acha mlango wazi kidogo hewa ibadilike, ndipo mama na mtoto waingie. Kisha mweke mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili. Kifua cha mama hakina majivu. Mtoto aliye bado tumboni naye anaumizwa na hewa hii kuliko mama yake, kwa hiyo mjamzito asiwe ndiye anayeachiwa kuchunga mbabula ndani wakati wengine wako barazani.

Wapo ambao hawana ukuta wa kutoboa. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe na wenzake walipofurika, yaliwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao, na miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda na kuingia mitaani. Familia nyingi zilijikuta chini ya turubai. Turubai halipumui, tena linashika moto. Ombi langu kwa wanaogawa turubai ni kwamba kila yanapogawiwa, kipaa cha kupikia cha pamoja kijengwe siku hiyo hiyo, kabla ya mvua ya kwanza.

Turudi kwenye gesi, kwa sababu sitaki mtu aseme naichukia. Jiko la gesi la kupikia, mahali penye dirisha, ni zuri kuliko makala: halina vumbi, linazimika papo hapo, na kila gunia la makala ambalo halikununuliwa ni miti iliyobaki mlimani kuushika udongo usituporomokee. Anayeweza kulipia mtungi na aulipie. Mwali wake uwe wa buluu na uliotulia. Ukiona umekuwa wa manjano na unapaka masizi chini ya sufuria, haungui vizuri, na ile gesi ya mbabula imeanza kuzaliwa humo pia. Safisha matundu ya jiko au mwite fundi.

Mtungi usimame wima, nje ya chumba cha kulala. Mpira ukianza kupasukapasuka, badilisha wote, usiufunge kwa utepe. Kila unapofunga mtungi mpya, paka povu la sabuni pale penye maungio uangalie: povu likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja. Kibiriti si kipimo cha kuvuja. Funga valvu ya mtungi kila ukimaliza kupika, hata kama chai itafuata baada ya saa moja.

Kwa asili gesi hii haina harufu. Ile inayonuka kama kitu kilichooza imetiwa kusudi ili pua zetu zituonye. Ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutambaa sakafuni. Ndugu zetu wa Goma wanaijua tabia hiyo kwa mazuku, ile kaboni dioksidi ya volkano inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watoto wanaopita chini, huku mtu mzima aliyesimama haoni kitu. Ndiyo sababu tundu la chini la jikoni ni la lazima. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango, toka na watu wako, na usiguse swichi yoyote. Hapa Uvira pana jambo moja la kuongeza. Umeme unakatika, na sisi tunaacha kila kitu kimewashwa ili tujue umeme ukirudi. Unarudi saa nane usiku, friji inajiwasha yenyewe, na cheche yake moja inatosha kwa chumba kilichojaa gesi. Anayetumia mtungi na achomoe friji umeme unapokatika.

Hapa utani unasimama. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hii hii ya bonde la Ruzizi. Watu wakaenda kuchota petroli iliyomwagika. Wengine hawakuwa wamechota hata tone; walikuwa wamejaa kwenye vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka ulichukua watu zaidi ya 230. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, unatembea chini kwa chini kwenda kuutafuta moto ulipo, na mwenye moto hajui kwamba anatafutwa. Yeyote anayehifadhi petroli ya kuuza kwenye chupa na mabidoni ndani ya nyumba anayolala na watoto, na mbabula iko mlango wa pili, afikirie Sange kila anapofungua kifuniko.

Jenereta nitaisema kwa kifupi: inatoa kaboni monoksidi ile ile, kwa wingi zaidi, na hakuna korido inayoifaa. Ukiogopa kuibiwa, ifunge kwa mnyororo nje, mbali na madirisha.

Nimalizie kwa shemeji, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha mazungumzo haya. Wengi wa ndugu zetu wa Uvira na Fizi walipitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, wakaishia katika miji ya Marekani ambako theluji ni ya kweli. Dhoruba ikikata umeme kule, mkono wa mtu unakwenda kwenye kile alichokizoea. Ilionekana Seattle Desemba 2006: upepo ulizima umeme, watu wengi wakaingiza majiko ya mkaa ndani wapate joto, na wengi kati yao walikuwa wahamiaji. Gazeti la Seattle Times likachapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Shemeji, umeme ukikatika huko, vaeni nguo zote mlizonazo, laleni chumba kimoja, na jiko la mkaa libaki nje kwenye theluji.

Na kioo chako chenye vigogo, kiangalie upya. Kama hakina bomba la kutoka nje, usilale kikiwaka. Ukutani karibu na chumba cha kulala weka kile kidude cheupe kinacholia kaboni monoksidi ikizidi. Kinatumia betri na bei yake si ya kutisha. Nyuma yake kuna tarehe ya mwisho, isome, kwa sababu baada ya miaka kadhaa hakinusi tena hata kama taa yake inawaka.

Kisha nunua cha pili. Mara nyingine mtu wa kwenu anaposafiri kuja Uvira, usimpe simu ya kutuletea, wala picha ya meko. Mpe hicho kidude pamoja na betri za akiba, tukitundike chumba wanamolala watoto.